Uso Uliogeuka Kivuli: Kamera ya Tarakilishi, Nyumba za Butere na Wajibu Wetu

Aliyewahi kuketi mbele ya jopo la watahini anajua jinsi moyo unavyodunda. Aliyewahi kuketi mbele ya jopo hilo akiwa sebuleni kwao Butere, ilhali watahini wenyewe wametawanyika Nairobi, Eldoret na Kakamega, kila mmoja ndani ya kisanduku chake kwenye skrini, anajua na jambo jingine la ziada. Anajua kwamba mtu anaweza kuisoma nadharia yake hadi akaiota usingizini, kisha akashindwa kwa sababu ya dirisha.

Mimi nilishindwa kwa sababu ya dirisha. Ulikuwa mwaka 2020. Tarehe 15 Machi serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 ya mwezi huo viwe vimewaondoa wanafunzi. Nikarudi nyumbani na mkoba wa vitabu. Miezi kadhaa baadaye nikaarifiwa kwamba nitawasilisha pendekezo langu la utafiti kwa njia ya video, saa tisa alasiri. Nilivaa tai. Niliweka meza ili dirisha liwe nyuma yangu, kwa maana nje ya dirisha hilo kuna migomba iliyostawi vizuri, nami nikaona hiyo ni mandhari ya kupendeza. Dakika ya pili mtahini mmoja aliuliza iwapo nimewasha kamera. Nikajibu kwamba nimewasha. Akasema, kwa upole, kwamba anachokiona ni migomba mizuri sana na mtu mweusi tititi asiye na macho wala mdomo. Kabla sijahamisha meza, ngurumo ikapiga, na mvua ikaanguka juu ya bati. Mwenyeji wa sehemu hizi hana haja ya kuelezwa yaliyofuata.

Jioni msimamizi wangu alinipigia simu. Alisema, "Mwanangu, hawakuikataa kazi yako. Hawakuisikia."

Si nia yangu katika makala haya kulialia, na yaliyonipata yalirekebishwa baadaye. Rai ninayotaka kuitoa ni hii: kuiandaa kamera ili mazungumzo ya video yawe bayana si kazi ya fundi peke yake, wala si anasa ya wenye fedha. Ni sehemu ya taaluma yetu sisi tunaoshughulika na lugha inayosemwa. Isitoshe, maelekezo ya kazi hiyo hatuna budi kuyaandika wenyewe, kwa Kiswahili, tukianzia katika nyumba tunazoishi na nyuso tulizo nazo. Maelekezo tunayoyategemea sasa yameandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu yameandikiwa nyumba nyingine na nyuso nyingine.

Nianze na mwanga, maana hapo ndipo penye kosa kubwa. Jicho la mwanadamu ni stadi: humwona mtu aliyeketi kivulini na papo hapo likaiona anga nyeupe iliyo nyuma yake. Kamera ya tarakilishi haina ustadi huo. Ikiachwa ijiendeshe, hupima mwanga wa picha nzima, ikatafuta wastani, kisha ikapunguza au ikaongeza mwanga unaoingia ili wastani huo uwe wa kadiri. Dirisha lenye jua likiwa nyuma yako, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza. Na anayepunguziwa ni wewe. Ndiyo sababu migomba yangu ilionekana hadi mishipa ya majani, nami nikawa kivuli. Dawa yake haina gharama yoyote. Geuza meza. Dirisha liwe mbele yako, au mbele kidogo upande wa kushoto au wa kulia, nawe utaonekana kama mtu aliyepigwa picha studio.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonikera. Katika miongozo mingi niliyoisoma kuna ushauri unaorudiwa kama kiitikio: keti mbele ya ukuta mweupe usio na kitu. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe ushauri huo hauna madhara makubwa, kwani uso wake na ukuta wake havitofautiani sana kwa mwanga. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, ukuta mweupe unaoijaza picha hufanya kazi ile ile ya dirisha: kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukazama. Mwanafunzi hudhani kamera yake ni mbovu. Anakwenda kukopa fedha anunue nyingine, kumbe aliyemkosesha ni mwongozo.

Jambo hili lina historia, na si historia ya kamera za tarakilishi tu. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafisha picha za rangi zilitumia kadi za kupimia rangi zilizotolewa na kampuni ya Kodak. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Uso huo ukawa kipimo cha uso wa binadamu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alilieleza suala hili kwa kina katika makala yake ya mwaka 2009, akaonyesha kwamba Kodak ilipoanza kuzirekebisha filamu zake ili zitofautishe vizuri rangi za hudhurungi, malalamiko yaliyosukuma mabadiliko hayo yalitoka zaidi kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kuliko kwa watu weusi. Naam, chokoleti. Kamera za leo zimeendelea mno, lakini mwongozo wa ukuta mweupe bado unanukia kadi ile.

Sasa nitazame nyumba ya kawaida ya Butere. Ukuta wa udongo uliosirikwa vizuri, usiopakwa chokaa, una rangi ya kahawia ya kati. Hiyo ndiyo rangi inayoifaa kamera kwa uso mweusi, kwa kuwa haiulazimishi uso kuzama wala haiumezi. Ikiwa nyumba yako ni ya mawe iliyopakwa rangi nyeupe, tundika kitenge, leso au blanketi lenye rangi iliyokoa kiasi, nawe ukae mbali nalo kwa mita moja hivi ili kivuli chako kisilale juu yake. Tandika shuka jeupe au karatasi nyeupe mezani, chini ya kidevu, pasipoonekana na kamera: mwanga wa dirisha utagonga hapo na kurudi usoni, ukafuta vivuli vilivyo chini ya macho. Kisha chukua kitambaa laini ukafute tundu la kamera. Niliwahi kumsaidia binamu yangu aliyekuwa amekata tamaa na kipakatalishi chake, nikakuta kwamba ukungu wote ulikuwa mafuta ya vidole.

Naandika habari ya ukuta wa udongo kwa kusudi. Wengi wetu tuliozima kamera katika masomo ya mwaka 2020 tulitoa udhuru wa bando, na kweli bando lilikuwa ghali. Lakini tukisema ukweli, baadhi yetu tulizima kwa haya. Hatukutaka mhadhiri aone ukuta usiopakwa rangi, kuku anayepita, na kiti kilichotoka kanisani kwa mkopo. Nilikuwa miongoni mwao. Laiti mtu angaliniambia wakati ule, kwa lugha ninayoielewa, kwamba ukuta niliokuwa nikiuficha ulikuwa bora kwa kamera kuliko ukuta wa ofisi ya mkuu wa idara, nadhani ningaliiwasha.

Giza lina hasara nyingine ambayo haionekani mara moja. Kamera nyingi zikikosa mwanga wa kutosha huongeza muda wa kupokea mwanga kwa kila picha. Matokeo yake ni kwamba badala ya kutoa picha 30 kwa sekunde, hutoa 15 au hata pungufu. Uso huonekana, ila midomo huruka kutoka umbo moja hadi jingine kama picha za kitabu kinachofunguliwa haraka. Kwa mazungumzo ya salamu si neno. Kwa somo la fonetiki ni maafa.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa kwamba /th/ na /dh/ hutamkwa kwa ncha ya ulimi katikati ya meno, na kwamba mwanafunzi anayesema "samani" akikusudia "thamani" husaidika anapouona ulimi wa mwalimu. Lakini kuona hakusaidii tu. Kuona hubadilisha kinachosikika. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa: mtu huonyeshwa mdomo unaotamka "ga" huku akisikilizishwa sauti ya "ba", na watu wengi husema wamesikia "da". Sikio lilidanganywa na jicho. Basi mwalimu wa Kiswahili anayemfundisha mgeni aliyeko Ujerumani au Marekani akiwa katika chumba chenye giza, midomo yake ikichelewa nyuma ya sauti, haiharibu picha peke yake. Anaiharibu sauti pia.

Hata hivyo, nisiipe picha sifa isiyo yake. Sisi wa Butere, tuliokulia katika Olumarama, tunajulikana kwa athari ya lugha ya kwanza katika vipasuo. Gari laweza kuwa "kari" kinywani mwa mtoto wa kwetu bila yeye kujua. Hapa kamera, hata iwe ya bei gani, haina msaada: /g/ na /k/ hutamkwa mahali pamoja na kwa namna moja, na kinachovitofautisha ni mghuno wa nyuzi za sauti, jambo ambalo halionekani. Atakayeligundua ni mwenye sikio zuri na maikrofoni nzuri. Kwa hiyo anayetumia fedha zake zote kwenye kamera na kusahau maikrofoni amejenga nyumba kwa mlango mmoja.

Kuna ndugu zetu ambao kwao picha ni kila kitu. Jirani tu na Butere, huko Mumias, kuna shule za viziwi zinazojulikana sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 120, imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mazungumzo ya ishara kwa njia ya video yanahitaji picha zinazofuatana kwa kasi, 25 hadi 30 kwa sekunde, ili vidole visiwe ukungu. Anayezungumza kwa ishara hatafaidika na picha pana yenye maridadi ikiwa inakwama kwama. Afadhali picha ndogo inayokwenda. Tena kamera isimwonyeshe uso tu kama sisi tunavyozoea. Imwonyeshe kuanzia kichwani hadi kiunoni, na nguo yake iwe ya rangi moja inayopambanuka na ngozi ya mikono. Nimewasikia wenzetu wakijadili nafasi ya Kiswahili kando ya lugha nyingine rasmi pasipo kuitaja hii hata mara moja.

Nirudi kwenye sauti, na hasa bati. Sehemu yetu hupata mvua nyingi, na tabia yake inajulikana: asubuhi jua, adhuhuri joto, alasiri mawingu yanarundikana, na kufikia saa tisa au saa kumi ngurumo. Nyumba nyingi zimeezekwa mabati na hazina dari. Hakuna programu wala kifaa kitakachoshindana na mvua hiyo. Mwanafunzi anayeishi chini ya bati lisilo na dari aombe, tena aombe mapema na bila kuona haya, kwamba mtihani wake wa mdomo uwe saa tatu asubuhi. Idara nazo zizingatie jambo hili kama zinavyozingatia ratiba ya umeme na likizo. Kumpangia mtu wa Butere utetezi wa saa tisa alasiri mwezi wa Aprili ni kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

Kwa kelele nyingine, yaani bodaboda, kinu cha kusaga mahindi na kwaya inayofanya mazoezi, dawa iliyopo ni ukaribu. Nguvu ya sauti hupungua kwa kasi kadiri chombo kinavyokuwa mbali na mdomo. Ukiisogeza maikrofoni kutoka sentimita 60, ambao ndio umbali wa kawaida wa kipakatalishi, hadi sentimita 20, nguvu ya sauti yako inayoifikia huongezeka takriban mara tisa, na ile ya kinu cha sokoni haibadiliki. Ndiyo sababu vile vinasikizi vya masikioni vinavyokuja na simu, vyenye kimaikrofoni kidogo kwenye waya, hushinda maikrofoni iliyojengwa ndani ya tarakilishi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Godoro lililosimamishwa ukutani huumeza.

Kuna hatari moja inayotuhusu sisi wa fasihi. Programu za mikutano ya video zina uwezo wa kuchuja kelele, na uwezo huo umejengwa kwa kudhani kwamba kinachofaa kusikika ni mazungumzo ya kawaida. Sauti inayodumu kwa muda mrefu bila kubadilika huhesabiwa kuwa kelele, kama ya feni. Sasa mtu anapoghani shairi na kuivuta irabu ya mwisho wa mshororo, mashine huidhania feni ikaikata. Nimeshuhudia shindano la kughani kwa njia ya video ambapo kila kina kilimezwa, majaji wakamlaumu mshairi. Katika programu ya Zoom kuna mahali pa kuruhusu sauti ya asili ipite bila kuchujwa, na imewekwa kwa ajili ya wanamuziki. Mwenye kughani aichague hiyo, maadamu chumba chake kimetulia.

Nipite haraka juu ya mambo mawili. La kwanza ni umeme. Umeme wa Kenya una mzunguko wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia humetameta mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera nyingine huja zikiwa zimepangiwa hezi 60 kama Marekani, na hapo huonyesha milia inayopanda na kushuka usoni. Ingia katika mipangilio ya kamera, tafuta palipo na nambari 50 na 60, uchague 50. La pili ni bando. Picha ya pikseli 1280 kwa 720 katika Zoom huhitaji takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, ambazo kwa saa nzima hukaribia gigabaiti moja. Ukikubali picha ndogo zaidi, ya kilobiti 600, matumizi hushuka hadi nusu. Anayetetea kazi yake kwa saa mbili afanye hesabu hii usiku wa kuamkia siku yenyewe, si katikati ya sura ya tatu.

Suala la macho lina utata zaidi, na sidhani nina jibu la mwisho. Miongozo ya Kiingereza husisitiza kwamba kamera iwe usawa wa macho na kwamba uitazame yenyewe, si uso ulio kwenye skrini, ili anayekuona aone unamtazama. La usawa wa macho nakubaliana nalo, kwa kuwa kamera iliyo chini huonyesha matundu ya pua na mabati ya paa. Kwangu, Kamusi ya Kiswahili Sanifu na nyingine mbili nene zilizowekwa chini ya kipakatalishi zimetosha. Sijui kama wahariri wake waliyatarajia matumizi hayo. Lakini la kumkazia mtu macho! Kwetu kijana anayezungumza na mzee huinamisha macho kidogo, na anayemkodolea mzee macho huonekana hana adabu. Msomi mwenye mvi aliye kwenye jopo ni mtahini, na ni mzee vilevile. Mimi nimejiwekea desturi hii: anapozungumza yeye, naitazama skrini, na macho yangu huonekana yameinama, ninapojibu hoja yake, naitazama kamera. Wenzangu wengine wanasema huo ni unafiki wa kitaaluma. Labda.

Nafika sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko mafundi wote, nalo ni istilahi. Katika mkutano mmoja wa mtandaoni mwenyekiti alisema, "Zimeni vipaza sauti vyenu." Nusu ya wahudhuriaji walizima chombo cha kusemea. Nusu nyingine walizima chombo cha kusikilizia, na kwa hiyo hawakusikia walipoitwa kuchangia. Hakuna aliyekosea. Neno kipaza sauti limekuwa likitumika kwa vyote viwili, kile kinachoipokea sauti na kile kinachoitoa. Katika uwanja wa mkutano wa hadhara utata huo haukumsumbua mtu, kwa sababu vyombo vyote vilikuwa vya mwenye mkutano. Katika mazungumzo ya video kila mtu ana vyote viwili, na lazima aweze kukizima kimoja akaacha kingine. Napendekeza tuseme maikrofoni na spika, maneno ambayo watu wanayatumia tayari, hata kama Spika wa Bunge ataguna. Kipaza sauti tukiachie viwanja vya mikutano.

Vivyo hivyo neno kamera ya wavuti. Limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kililipata kwa ajali ya kihistoria. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wajue kama kahawa imekwisha kabla hawajapanda ngazi; mwaka 1993 picha yake ikawekwa kwenye wavuti, na ulimwengu ukawa unalitazama birika hilo hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Picha ile ilikuwa ya wavuti kweli. Mimi ninapozungumza na msimamizi wangu hakuna wavuti wowote unaonionyesha. Kamera ya tarakilishi, au kamera peke yake, inatosha.

Nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya idara ya teknolojia, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ashughulike na ngeli na tamathali. Jibu langu ni kwamba tumewahi kufanya zaidi ya hayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Watu wa lugha na watu wa tarakilishi walikaa meza moja. Tatizo ni kwamba tukishapata menyu za Kiswahili tulidhani kazi imekwisha, ilhali menyu humwambia mtu mahali pa kubonyeza tu. Haimwambii aketi wapi. Programu zenyewe huja na kuondoka. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kuwaunganisha wengi wetu na jamaa walioko ng'ambo, ilifungwa Mei 2025. Dirisha, bati na uso vingali pale pale.

Wengine watasema tatizo ni umaskini, na kwamba kila mwanafunzi akipewa kamera nzuri mambo yatanyooka. Sipingi kupewa. Lakini siku niliyogeuka kivuli sikuwa na kamera mbovu, na siku niliyorudi mbele ya jopo lile sikuwa nimenunua kitu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Dirisha lilikuwa mbele yangu, ukuta wa udongo nyuma, shuka la mama mezani, kamusi tatu chini ya kipakatalishi, na vinasikizi vya simu masikioni. Mtahini yule yule aliyesifu migomba aliniuliza swali gumu kuhusu sampuli yangu, nikalijibu vibaya, akanisahihisha. Ndivyo inavyopaswa kuwa: mtu aanguke kwa swali.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Kila tawi liandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, kwa kuangalia nyumba za mahali pake, kabla ya msimu ujao wa utetezi. Sisi wa magharibi ya Kenya tutaandika habari za bati, mvua ya alasiri na ukuta wa udongo. Wenzetu wa Unguja, wenye nyumba za mawe, kuta nene za chokaa na madirisha madogo, wana tatizo la weupe na giza kwa pamoja, na wao ndio wanaolijua. Walioko Kampala na Bujumbura watueleze yao. Kurasa hizo zikusanywe na wahariri, zipitiwe na mtu mmoja wa tarakilishi na mmoja wa istilahi, zigawiwe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza siku ile ile wanapopewa orodha ya vitabu. Wa Butere nimeshauanza, na mwenye kuniandikia habari za dari za matete anakaribishwa, maana sijapata kuketi chini yake siku ya mvua.